Majina ya Mizabibu katika Bonde la Loire

Lugha yetu ina maneno mawili makubwa ya kutaja kinywaji cha zabibu, na yote mawili yamevuka bahari. Mvinyo limetujia kwa Wareno. Divai limetoka kwa Wafaransa, ambao wakitaka kuagiza kinywaji hicho husema "du vin". Sikio la Mswahili likakichukua kiungo pamoja na jina, likavifunga fundo moja, na tangu hapo hakuna aliyejaribu kulifungua. Mwalimu wa lugha hawezi kulipita neno la namna hiyo kama apitavyo jiwe la njiani. Sisi tuishio katika nchi ambamo Kifaransa na Kiswahili hukutana kila siku, darasani na sokoni, twalitumia neno hilo pasipo kukumbuka asili yake, na Mfaransa akilisikia kinywani mwetu halitambui.

Tumeanza na neno kwa makusudi. Miongoni mwa wasomaji wa jarida hili wako wengi ambao dini yao imewaharamishia kileo, na wengine wamejiepusha nacho kwa hiari yao. Hatukusudii kumshawishi mtu yeyote kuinua bilauri. Tulichokiona katika bonde la mto Loire, nchini Ufaransa, ni mambo ya majina: jinsi mti mmoja uitwavyo hivi hapa na vile kule, jinsi mgeni agezwavyo mwenyeji kwa kubatizwa jina jipya, na nani mwenye haki ya kuamua jina lipi ni sahihi. Mambo hayo yatuhusu sisi tunaoshika kalamu nyekundu.

Mwaka 2022 tulipata bahati ya kukaa mjini Tours kuanzia Septemba hadi Novemba, walimu watatu kutoka Bujumbura, kwa mafunzo ya mbinu za kufundisha lugha. Mmoja wetu ni mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na hajapata kuonja kileo maishani mwake. Huyo ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko sisi wawili tuliokuwa tukionja. Alikuwa akiinusa bilauri, akieleza kwa ufasaha harufu aliyoipata, kisha akimrudishia mwenyewe kwa adabu; na wakulima wa huko, ambao tulidhani wangechukizwa, walimheshimu kuliko sisi, maana pua yake ilikuwa makini.

Loire ndio mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa. Waanzia katika milima ya kusini, penye mlima uitwao Mont Gerbier-de-Jonc, ukaelekea kaskazini kana kwamba unakwenda Paris, kisha karibu na mji wa Orléans ukabadili nia, ukageukia magharibi hadi bahari ya Atlantiki. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 1,000. Wakati wa kiangazi maji hupungua, mchanga ukajitokeza katikati kama visiwa, na mtu aliyezoea Ziwa Tanganyika hujiuliza huu ni mto gani usioweza kubeba merikebu. Hata hivyo zamani ulibeba mapipa kwa maelfu, na mito midogo iuingiayo, kama vile Cher, Vienne na Layon, kila mmoja una vilima vyake vya mizabibu. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliingiza sehemu ya bonde hilo, kutoka Sully-sur-Loire hadi Chalonnes, katika orodha ya urithi wa dunia.

Jambo la kwanza lililotutatiza lilikuwa karatasi ya chupa. Sisi tujuao kusoma Kifaransa tulitazamia kusoma humo jina la tunda, kama vile mtu anunuaye maji ya embe asomavyo neno embe. Hamna. Chupa yasema Vouvray, nyingine Chinon, nyingine Sancerre, na hayo yote ni majina ya miji midogo. Zabibu yenyewe haitajwi. Mkulima wa Vouvray tuliyemtembelea, mzee wa miaka zaidi ya sabini, alipoulizwa sababu alitushangaa sisi. Alisema kwamba kila mtu anajua zabibu ya Vouvray ni ipi, na asiyejua basi na anywe akiwa hajui.

Nyuma ya jibu hilo la mkato iko sheria. Mwaka 1935 Ufaransa iliweka utaratibu wa kuyalinda majina ya mahali: kwamba divai haiwezi kuitwa Vouvray ila imetoka katika vijiji vilivyotajwa, kwa aina za mizabibu zilizotajwa, kwa mavuno yasiyozidi kiasi kilichotajwa. Vouvray na Sancerre zilipata haki hiyo mwaka 1936. Mwenzetu wa Buyenzi alilielewa jambo hilo kabla yetu. Alisema, "Hiyo ni kama dagaa wa Kigoma. Hakuna aulizaye jina la samaki." Naam, ndivyo ilivyo, isipokuwa kwamba dagaa hawana polisi wa kuwalinda jina.

Sasa tuutazame mzabibu wenyewe wa Vouvray. Jina lake katika vitabu ni Chenin, nao wazee wa bonde huuita Pineau de la Loire, ingawa hauna udugu wa karibu na Pinot wa Burgundy. Ni mti wa subira. Huchelewa kuiva, na huiva bila usawa, hata katika kichala kimoja punje hii ikawa tamu na jirani yake ikawa bado chachu. Kwa hiyo mvunaji mwenye nia ya kutoa divai tamu hupita shamba lile lile mara mbili, mara tatu, hata zaidi, akichuma yaliyo tayari na kuyaacha mengine. Uchachu wa Chenin hauondoki hata zabibu zikiiva sana, na hapo ndipo ilipo nguvu yake: divai tamu isiyo na uchachu hukinaisha kama uji uliozidi sukari, lakini hii hukaa chupani miaka hamsini na zaidi pasipo kuchuja.

Kutokana na mti huo mmoja, katika vijiji hivyo hivyo, hupatikana divai kavu isiyo na utamu, yenye utamu kidogo, tamu kabisa, na yenye mapovu. Aamuaye si mkulima peke yake. Mwaka wenye jua refu hadi Oktoba huleta tamu. Mwaka wa baridi na mvua huleta kavu, na zabibu nyingi huenda kwenye mapovu. Tulimwuliza mzee ni ipi kati ya hizo iliyo Vouvray halisi. Akajibu kwamba swali hilo huulizwa na watu wa mijini.

Ghala lake halikuwa nyumba bali pango. Vilima vya pale ni vya jiwe jeupe la chokaa, laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno, liitwalo tuffeau. Jiwe hilo ndilo lililojenga majumba ya kifahari ya wafalme yanayowavuta watalii hata leo. Na palipotolewa mawe pakabaki mapango, watu wakayageuza kuwa maghala, na wengine wakaishi humo, wakitoboa dohani juu ya kilima. Ndani hali ya hewa haibadiliki, kiangazi na kipupwe. Kuta zimefunikwa na ukungu mweusi, laini kama manyoya, na sauti humezwa. Tulisimama humo muda mrefu, sisi wawili tukionja na mwenzetu akinusa, na mzee akieleza kwa mshumaa mkononi, ijapokuwa taa ya umeme ilikuwapo. Twadhani alitaka kutupendeza.

Jina Chenin ni la kale katika fasihi yao. François Rabelais, mwandishi aliyezaliwa karibu na Chinon na kufariki mwaka 1553, alisimulia katika kitabu chake Gargantua ugomvi kati ya wachunga mizabibu na wauza maandazi uliozaa vita. Mmoja wa wachunga hao aliumizwa miguu, na wenziwe wakamtibu kwa kumkanda kwa zabibu kubwa za chenin, akapona upesi. Vita nzima kwa ajili ya maandazi, na dawa ni zabibu! Msomaji aliyelelewa na hadithi za Abunuwasi hatashindwa kumpenda Rabelais.

Rabelais huyo huyo alitufaa katika fumbo jingine. Kule Chinon, na Bourgueil iliyo ng'ambo ya Loire, divai ni nyekundu, na mzabibu wake vitabuni ni Cabernet Franc. Lakini mkulima wa Chinon ukimwuliza atakuambia kwamba amepanda Breton, maana yake Mbretoni, mtu wa jimbo la Bretagne. Kwa nini mti wa Chinon uitwe Mbretoni, hali Bretagne ni nchi ya mvua na bahari? Mwenyeji wetu mmoja alitueleza kwa uhakika wote: katika karne ya 17 alikuwapo padri jina lake Breton, msimamizi wa mali za Kardinali Richelieu, naye ndiye aliyeleta miche kutoka Bordeaux. Hadithi nzuri, ina mtu, ina kardinali, ina tarehe. Tatizo lake ni kwamba Rabelais, aliyekufa karibu miaka mia kabla, alikwisha kuitaja divai ya kibretoni, tena kwa mzaha kwamba haioti Bretagne bali huota Verron, ile ncha ya ardhi iliyo kati ya Vienne na Loire. Kwa hiyo jina lilikuwapo kabla ya padri. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mti huo ulikuja kwa njia ya Nantes, bandari iliyokuwa ya Bretagne wakati ule, na watu wa juu ya mto wakaupa jina la mlango ulioingilia.

Sisi walimu tumezijua hadithi za namna hiyo. Kila mji wetu una mzee awezaye kukueleza jina la mtaa lilitokana na bwana fulani aliyesema neno fulani siku fulani, na kila neno lina mjuzi wa kulipasua vipande viwili na kukuonyesha maana katika kila kipande. Hatuwacheki. Watu hawapendi jina lisilo na mwenyewe, wakimkosa humtengeneza. Lakini yafaa kumfundisha mwanafunzi kuuliza swali dogo la tarehe, kama tulivyomwuliza mwenyeji wetu wa Chinon, ambaye alicheka sana na kuahidi kuendelea kuisimulia habari ya padri kama kawaida.

Huko chini, Loire inapokaribia bahari, mambo ya majina huzidi kutatanisha. Karibu na Nantes hutoka divai nyeupe nyepesi iitwayo Muscadet. Safari hii jina si la mji. Jina hilo lina mwangwi wa miski, lakini harufu ya miski haimo. Mna harufu ya chumvi na limau, na wenyeji huinywa pamoja na chaza wa baharini. Mzabibu wake ulitoka mbali, upande wa mashariki, na jina lake kamili ni Melon de Bourgogne, yaani Melon wa Burgundy. Ulikwisha kufika Nantes kabla ya mwaka 1709. Ila katika kipupwe cha mwaka huo baridi iliua mizabibu kwa wingi, na watu walipopanda upya waliuchagua huo kwa sababu ulistahimili. Wafanyabiashara wa Kiholanzi nao walitaka divai nyeupe nyingi ya kukenekwa iwe pombe kali. Hivyo mgeni akashika nchi. Huko Burgundy siku hizi haupandwi ila kidogo mno. Jina lake lasema kwao ni Burgundy, na Burgundy karibu imewasahau wote wawili, jina na mti.

Divai hiyo huachwa kipupwe kizima juu ya mashapo yake, yaani juu ya hamira iliyokufa na kuzama chini ya pipa, ikatiwa chupani moja kwa moja bila kuhamishwa. Sisi ambao nyumbani kwetu pombe ya ndizi hunywewa pamoja na machujo yake hatukuhitaji kuelezwa faida ya mashapo. Tulinyamaza tu kwa adabu.

Burgundy ina historia ya kufukuza watoto wake. Mwaka 1395 mtawala wake, Philippe le Hardi, alitoa amri kwamba mzabibu uitwao Gamay ung'olewe, kwa madai kwamba ni mti mbaya udanganyao watu kwa wingi wa mavuno. Leo Gamay hupandwa karibu na Tours pasipo kuomba radhi. Kisha ikaja sayansi ikavuruga kiburi cha kila mtu. Mwaka 1999 wataalamu waliochunguza DNA ya mizabibu walitangaza kwamba Gamay, Melon, Chardonnay yenye sifa duniani kote, na hata Romorantin, ambayo imebaki katika mashamba machache karibu na mji wa Blois, wote ni ndugu wa baba na mama. Mzazi mmoja ni Pinot, mti wa heshima. Wa pili ni Gouais, mti wa wakulima maskini, uliodharauliwa kiasi kwamba hakuna aliyetaka kuhusishwa nao. Miaka miwili kabla, mwaka 1997, ilikuwa imeonyeshwa kwamba Cabernet Sauvignon, fahari ya Bordeaux, ni mtoto wa Cabernet Franc, yule Mbretoni wa Chinon, na Sauvignon, mzabibu mweupe unaopandwa leo Sancerre na Pouilly, huko juu ya mto. (Habari za Sancerre tunazipita mbio. Divai yake ni njema, na bei yake ilitufukuza.)

Hapa ndipo tulipoanza kubishana, sisi watatu, usiku mmoja katika chumba chetu cha kupanga, na ubishi haukuwa wa divai.

Katika mikutano ya chama chetu suala moja hurudi kila mwaka. Mwanafunzi wa Bujumbura huandika katika insha yake kwamba nyumbani walikula sombe. Kitabu chasema kisamvu. Majani ni yale yale ya muhogo, yaliyotwangwa katika kinu kile kile. Mama yake huyaita sombe, muuzaji huyaita sombe, na kutoka Bukavu hadi Bujumbura ukitamka kisamvu sokoni wengi watakuuliza wataka nini. Je, mwalimu apige mstari mwekundu? Vivyo hivyo kwa ndagala, ambao ni wale dagaa tuliowataja juu. Wenzetu wengine hushikilia kwamba lugha sanifu ni moja, na mwanafunzi wetu atakapokwenda kusahihishwa na mtu wa Dar es Salaam hatahurumiwa. Wengine husema tukifuta sombe tunamfundisha mtoto kwamba Kiswahili cha mama yake ni makosa, naye atakiacha nje ya mlango wa shule, akaingia na Kifaransa. Huo si ubishi wa mezani. Tumewaona watoto waliosemea Kiswahili tangu utotoni wakipata alama mbaya za Kiswahili kuliko jirani waliojifunza kwa kitabu, na wakaamini kwamba lugha hiyo si yao.

Mwenzetu wa Buyenzi, ambaye ndiye Mswahili miongoni mwetu kwa malezi, alisema usiku ule kwamba mkulima wa Chinon angemcheka mtu wa kumwambia aache kusema Breton. Aandikapo barua serikalini huandika Cabernet Franc. Arudipo shambani husema Breton. Na hajapata kuona kwamba anasema uongo mahali pamoja kati ya hapo pawili. Yeye alitaka mwanafunzi ajue maneno yote mawili, na ajue sombe ni la soko gani na kisamvu ni la soko gani, na alama zitolewe kwa kujua hivyo.

Tuliafikiana naye kwa sehemu kubwa. Ila bonde lile lile lilitupa hoja ya upande wa pili, nasi si waaminifu tukiificha. Uhuru wa majina kule hauna maana kwamba kila kitu kinaruhusiwa. Chini ya kila jina la mahali iko orodha, na asiyeifuata hunyang'anywa jina, akauza divai yake kama divai ya Ufaransa tu, hata ikiwa tamu kuliko ya jirani. Mwaka 1934 serikali ilizipiga marufuku katika biashara aina sita za mizabibu yenye damu ya Kiamerika, mmoja wao ukiitwa Noah, ambao ulipendwa sana na wakulima wadogo wa upande wa Nantes kwa kuwa haukuugua. Wazee wao hata leo huukumbuka kwa huzuni. Basi kila ukoo wa maneno nao huhitaji mpaka mahali fulani, vinginevyo mwalimu hana la kufundisha. Kinachogombewa ni nani achore mpaka, na kama aliyeuchora amewahi kulima.

Tena asili yenyewe ni jambo la kutahadhari. Katika miaka ya 1860 mdudu mdogo sana alitambuliwa kusini mwa Ufaransa, amekuja na miche kutoka Amerika. Jina lake filoksera. Hula mizizi. Kufikia miaka ya 1880 alikuwa ameingia bonde la Loire, na mashamba yakafa moja baada ya jingine. Dawa iliyopatikana ilikuwa kuchukua shina la mzabibu wa Amerika, ambao mdudu huyo hauwezi, na kubebesha juu yake tawi la mzabibu wa Ulaya. Ndivyo ilivyo hadi leo karibu kila mahali. Ule Chenin wa Rabelais, ule Mbretoni, ule Melon aliyehama Burgundy, wote husimama juu ya mizizi ya Amerika. Mzee wa Vouvray alituonyesha kovu la kiungo katika shina, uvimbe kama goti la mtu mzee. Tulipomwambia kwamba basi mti wake ni Mmarekani kutoka chini, hakucheka.

Siku ile hakuwa na moyo wa kucheka, na yafaa tueleze. Alikuwa na shamba dogo la Chenin lililopandwa na baba yake, mashina yenye umri kupita wake, ambayo hayazai tena ila kidogo. Usiku mmoja wa Aprili 2021, machipukizi yakiwa yamekwisha kufunguka, jalidi ilishuka, ile ile iliyoharibu mizabibu katika sehemu nyingi za Ufaransa. Walio na uwezo waliwasha mishumaa mikubwa kati ya mistari, mamia kwa mamia, usiku kucha, ili hewa isigande. Yeye na mwanawe waliwasha mingapi waliyoweza, na shamba la baba lilikuwa bondeni, mahali baridi inapotuama. Asubuhi machipukizi yalikuwa ya kahawia kama tumbaku. Hali ya hewa inapozidi kuwa joto, alisema, mzabibu huamka mapema zaidi, na kila siku uamkayo mapema ni siku moja zaidi ya kuiogopa jalidi. Mwanawe alitaka lile shamba ling'olewe, wapande upya juu ya mteremko. Mzee hakuwa amekubali wala kukataa. Alituonyesha tu, akitembea mbele, mikono nyuma.

Ni mwenzetu wa Buyenzi aliyevunja ukimya, kwa kumpa habari ambayo hakuwa ameisikia. Alimwambia kwamba Chenin yake ina jamaa Afrika. Ya kwanza ni ya Afrika Kusini, ambako mizabibu ilipandwa na Waholanzi tangu mwaka 1655, na Chenin ukaishi huko miaka mingi kwa jina la Steen. Ni katika miaka ya 1960 ndipo wataalamu walipolinganisha majani wakagundua ni mti ule ule, na leo Afrika Kusini ina mashamba makubwa zaidi ya Chenin kuliko Ufaransa yenyewe. Hilo mzee alikuwa akilijua, na hakulipenda sana. La pili hakulijua: kwamba Chenin hupandwa pia Dodoma, katikati ya Tanzania, nchi kavu ya miiba na vumbi jekundu.

Alitaka kujua kila kitu. Aliuliza udongo ni wa namna gani, mvua ni kiasi gani, na jalidi huja mwezi gani. Tulipomwambia kwamba jalidi haijulikani huko alisimama. Kisha akauliza, basi mti hulala lini? Maana kwake mzabibu ni kitu kilalacho, Novemba hadi Machi, na kazi yote ya mkulima hupangwa kwa usingizi huo. Mwenzetu akamweleza kwamba Dodoma mti haulali. Wakulima huupogoa, nao huanza upya, ukachipua, ukachanua na kuzaa, na kwa hiyo huvuna mara mbili kwa mwaka.

Mzee aliyatazama mashina ya baba yake kwa muda. Akasema kupogoa mara moja kwa mwaka kumemwachia mgongo huu tuuonao, na kwamba tuwafikishie salamu zake watu wa Dodoma, tukiwauliza pia wanatumia mkasi wa namna gani.